Damu Inaporudi Kwenye Ini

Kwetu maini hayakuwa chakula cha wanawake. Mbuzi akichinjwa nyuma ya zizi, maini ndiyo yaliyotangulia kutoka tumboni, yakawekwa juu ya makaa palepale kabla hata ngozi haijaisha kuchunwa. Wanaume waliyala wakiwa wamechuchumaa, kwa chumvi tu, moto moto, huku wakipeana kisu. Sisi wasichana tulipita na ndoo za maji tukiambulia harufu. Siku moja nilimuuliza shangazi kwa nini, akaniambia maini humtia mwanamke kiburi. Nikamwambia mimi ninacho tayari na sijaonja hata kipande. Nilichapwa, lakini swali langu lilibaki pale pale.

Yalikuwapo maini ambayo hata wanaume hawakuyagusa: yale yenye vifuko vya maji, kama malengelenge ya mtu aliyeungua. Baba akiviona vifuko hivyo aliyakata na kuwarushia mbwa. Tulikuwa na mbwa mmoja wa rangi ya vumbi ambaye nilimhesabu kuwa wangu, kwa sababu mle nyumbani hapakuwa na vingi vya mtoto wa kike kuviita vyake. Alinilamba mikono na uso, nami kwa mikono hiyohiyo nikamega ugali wa uwele. Nayasema haya mwanzoni kabisa ili asitokee mtu wa kijijini kwetu Ihanja akaendelea kudai kwamba niliugua kwa sababu ya biashara yangu.

Biashara yangu ni maini. Nayakaanga pembeni ya barabara kuu, kwenye genge la mabati lenye benchi mbili. Mkoa wetu umejipatia sifa ya kuku, na msafiri akishuka tu anaulizia kuku. Waache waulize. Mimi nina maini ya ng'ombe yaliyogongwa mhuri na mkaguzi wa nyama, mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa hapahapa, vitunguu vya kutosha kumliza dereva, na chapati. Upepo wa kwetu hauna adabu, unakuletea vumbi mpaka mdomoni, kwa hiyo upande wa mashariki nimezungushia turubai. Wanaokula kwangu ni madereva wa malori, vijana wa bodaboda na walimu wa shule ya jirani, na hakuna aliyewahi kurudisha sahani ikiwa na kitu.

Genge hilo lilinigharimu kaka yangu. Mume wangu alipofariki nilirudi nyumbani, na kaka, ambaye baada ya baba ndiye mkubwa wa boma, alinipokea vizuri. Alinionyesha chumba, akaniambia nitakuwa nasaidia jikoni kwake. Nilisaidia mpaka siku nilipoona kwamba nimegeuka kuwa sehemu ya jiko lenyewe, nikatafuta mabati. Siku ya kwanza ya kukaanga alisimamisha pikipiki yake mbele ya genge, wateja wakiwa wamekaa. Nilimwamkia. Hakuitikia. Alitazama kikaangio, akatazama kisu mkononi mwangu, akasema maneno ambayo mpaka leo nayajua kwa mpangilio wake.

"Binti wa baba yangu hauzi maini barabarani. Ukiendelea na hili, wewe si damu yangu."

Tunasema kuna maneno yanayokata maini. Nilikuwa nimesimama mbele ya ubao, nimeshika kisu, maini ya ng'ombe yako chini ya mkono wangu, na yaliyokuwa yanakatwa ni yangu. Kaka akawasha pikipiki akaondoka. Nami nikaendelea kukata, kwa sababu mafuta yalikuwa yameshapata moto.

Tangu siku hiyo akaninyima marahaba. Mtu asiye wa kwetu anaweza kuona ni jambo dogo. Mdogo anasema shikamoo, mkubwa anasema marahaba, basi. Lakini mkubwa akikaa kimya, ameshakuzika, na kila aliye karibu amesikia. Kaka alipita mbele ya genge karibu kila siku akienda shambani au mnadani, na kila alipopita nilimwamkia. Sikuacha hata mara moja. Nilimwamkia kwa sauti ya dalali, wateja wageuke, ili kama ni aibu tugawane. Yeye alitazama barabara. Mwanamke ninayefanya naye kazi, mjane mwenzangu, alinishauri niache kujidhalilisha. Nilimwambia sijidhalilishi, namdai kilicho changu, na deni lisilokumbushwa hufa.

Miaka ikapita hivyo. Halafu nikaanza kusikia uzito chini ya mbavu za kulia. Haukuwa uchungu mwanzoni, ilikuwa kama mtu aliyemeza jiwe likagoma kushuka. Nilijitibu gesi, nikajitibu vidonda vya tumbo, nikaacha pilipili, nikairudia. Nilipoanza kushindwa kuinama kuchochea makaa, nikapanda gari kwenda Singida mjini, hospitalini. Aliyenipima kwa picha alizungusha kile kifaa chake juu ya tumbo langu lililopakwa mafuta, akazungusha tena. Akaniambia ndani ya ini langu kuna mfuko wa maji, mkubwa kama chungwa.

Nilijua palepale. Hakuna mtu Ihanja anayejua vifuko vya maji kuliko mimi, nimerudisha maini mengi buchani kwa ajili hiyo. Nilichokuwa sijui ni jinsi vinavyomfikia binadamu. Daktari alinieleza kwamba ni minyoo ya mbwa. Mbwa anakula ini lenye vifuko, minyoo inakua tumboni mwake, mayai yanatoka na kinyesi chake na kushika kwenye manyoya, na mtoto anayecheza naye anayala bila kujua. Kifuko kinaweza kukaa mwilini miaka mingi kikikua polepole. Nikacheka, daktari akanitazama kwa wasiwasi. Nilikuwa nacheka kwa sababu ini nililonyimwa kwenye makaa ya wanaume lilikuwa limenifikia kwa mlango wa nyuma, kupitia kwa mbwa wangu.

Nikapewa dawa za minyoo za kumeza kwa muda mrefu, nikaambiwa nisubiri madaktari bingwa ambao huja mkoani kwa zamu. Walipokuja, aliyenipangia upasuaji alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo, wa umri ambao angeweza kuwa binti yangu, na aliniita mama. Nilimpenda kwa sababu hakunidanganya. Alisema mfuko hauwezi kuchomolewa kama jiwe. Utatoka pamoja na sehemu ya ini iliyoukumbatia, na ini ni kiungo kilichojaa damu. Ukilikata hivihivi, mgonjwa anamwagika mezani. Kwa hiyo atabana mshipa unaoliletea damu, akate, kisha aachie.

Hapo nikamwambia nimeelewa, atafunga bomba, atatengeneza, atafungua. Akatikisa kichwa. Akasema kufunga siko kunakomtisha sana. Kinachomtisha ni kufungua.

Nilibisha. Mimi ni mbishi, na nilikuwa naogopa, na vitu hivyo viwili kwangu hutembea pamoja. Nilimuuliza damu itaumizaje kitu kilichokuwa kinakufa kwa kuikosa. Damu ni uhai, hata mtoto anajua.

"Mama, umewahi kukalia mguu ukafa ganzi?"

Nikamwambia kila siku, kigoda changu ni kifupi.

"Unakuuma lini? Ukiwa umekufa ganzi, au ukianza kuamka?"

Mguu uliokufa ganzi hauumi hata kidogo, unaweza kuupiga kofi ukadhani ni wa mtu mwingine. Ni pale unaponyoosha, damu inaporudi, ndipo unapoanza kuwaka na kutambaa siafu mpaka unashika ukuta. Nilimjibu hivyo, akasema basi ini nalo lina tabia inayofanana na hiyo, ila lenyewe halina sauti, na lenyewe linaweza kufa kwa hilo. Likikaa na njaa ya damu linajibana, linabadilisha namna ya kuishi. Damu ikirudi yote kwa kishindo, hewa iliyomo ndani yake inaligeukia na kuliunguza, linavimba, na jeraha la kurudishiwa linakuwa kubwa kuliko jeraha la kunyimwa. Kwa hiyo yeye ataanza kwa kubana kidogo tu na kuachia, kulionya ini kwamba kuna njaa inakuja. Halafu atabana akate, ataachia lipumue, atabana tena. Alifanya hivyo kwa vidole vyake hewani, kubana na kuachia, kama mtu anayekamua ng'ombe.

Kisha akanipa masharti ya baada ya upasuaji, na hayo aliyarudia kwa sauti ambayo haikuwa ndogo tena. Ini lililotoka kurudishiwa damu ni jeraha tupu. Kila unachomeza kinapitia kwake. Kwa hiyo dawa ni zile tu za hospitali. Pombe marufuku, vidonge vya kununua dukani marufuku, na mizizi na majani ya aina yoyote, hata kama yamemponya babu yako, marufuku. Nilimwambia asiwe na shaka, babu yangu alikufa.

Zikabaki chupa za damu. Hospitali iliwataka ndugu waje kuchangia ili benki yake isiishiwe, na muuguzi akaniuliza ndugu zangu wako wapi. Nikamjibu sina. Akasema kila mtu ana ndugu. Nikamwambia mimi nina wateja. Na kweli walikuja, madereva wawili na mwalimu mmoja, wakanyoosha mikono yao. Mjane mwenzangu alikataliwa kwa kuwa damu yake ni pungufu, na nadhani hilo lilimuuma, kwa sababu alitoka pale akapanda bodaboda moja kwa moja hadi kwenye boma la kaka. Hakuniambia. Angeniambia ningemkataza.

Kaka aliingia wodini amevaa koti lake la kanisani, kofia mkononi. Alikuwa amezeeka upande mmoja wa uso, au labda sikuwahi kumwona kwa karibu tangu siku ile. Sikusubiri afike kitandani.

"Shikamoo, kaka."

Alisimama. Wagonjwa wa vitanda vya jirani hawakujua chochote, wao waliona tu mtu mzima amekwama katikati ya njia.

"Marahaba," akasema.

Machozi yalinitoka na nikayakasirikia. Nilikuwa nimejiandaa kwa neno hilo miaka yote, nimeliwekea majibu ya kila namna, na lilipofika nikalia kama mtoto aliyepotea sokoni. Yeye akatazama dirishani mpaka nikamaliza.

Daktari alikuja wakati kaka bado yupo, akamweleza naye habari ya kukata. Kaka alisikiliza kwa utulivu mkubwa mno, kisha akasema hakuna shida, akate tu, maini si ni mengi. Daktari akadhani ni utani. Haukuwa utani. Kaka amechinja mbuzi tangu hajaota ndevu, na maisha yake yote ameyaita maini, wingi, kama figo, kama mapafu, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia vinginevyo. Daktari akamwambia ini ni moja.

"Moja? Mbona tunasema maini?"

Daktari akamwonyesha kiganja: kimegawanyika vidole lakini mkono ni mmoja. Akamweleza kwamba mbuzi naye analo moja, ni sisi tu tuliolipa jina la wingi kwa sababu ya mabamba yake. Kaka alitazama kiganja kile, kisha akatazama tumbo langu chini ya shuka. Ndipo nilipomwona anaogopa. Alikuwa amekuja akiamini dada yake ana akiba. Alitoka bila kuaga, nikaja kusikia kwamba alikwenda kunyoosha mkono palepale, na akawauliza kama anaweza kutoa zaidi ya wanayochukua.

Ya upasuaji siyajui. Ninachojua nilisimuliwa na muuguzi wa usingizi, kwamba yule mfupi wa sauti ndogo alikuwa anatamka kila tendo ili wenzake wafuate saa, nabana, naachia, nabana, naachia, na kwamba kila alipoachia alisubiri rangi ya ini irudi kabla ya kuligusa tena. Ini likinyimwa damu linakuwa la kijivu kama lililolala buchani siku nzima. Hilo sikuhitaji kusimuliwa.

Nilipoamka nilikuwa na mirija kila mahali, na chupa ya damu ikining'inia juu yangu. Ilikuwa inashuka tone kwa tone. Niliitazama kwa muda mrefu, sikuwa na kazi nyingine. Kila asubuhi walinichukua damu kupima kama ini limekubali, na kila asubuhi daktari alinivuta kope za chini kutazama kama macho yanageuka manjano. Alisema bado tuko njiani. Nilipomuuliza njia hiyo inaishia wapi, akasema siku chache hizi ndizo zinazoamua.

Katika siku hizo chache ndipo ukoo ulipokuja. Wote, kwa pamoja. Wale waliokuwa hawajakanyaga genge langu tangu lisimame waliingia wodini na chupa za chai, mashuka, kuku wa kuchemsha, pole juu ya pole. Shangazi alikuwapo, mzee sasa, bado na ulimi wake. Kaka alikuwa mbele, na hofu ile niliyoiona usoni mwake ilikuwa imegeuka kuwa ukubwa. Alisema ameshapanga kila kitu. Nikitoka hospitali nitakwenda bomani, chumba kimeshapakwa chokaa. Mabati ya genge atayashusha Jumamosi, yatafaa kuezekea banda la mbuzi. Mambo ya maini yameisha, yamenionyesha yalichonionyesha. Na nisibishe, alisema akitabasamu kwa wengine, kwa sababu sasa nina damu yake ndani.

Nilikuwa na jibu. Muuguzi alikuwa ameshanieleza kwamba damu niliyoongezewa ilikuwa tayari kwenye jokofu, ya mtu nisiyemjua, na ya kaka iliwekwa mahali pake kumsubiri mgonjwa mwingine. Jibu hilo lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi wangu. Nililimeza. Lingemkata maini, na nilikuwa nimeshajua kwamba analo moja.

Kisha akatoa dumu. Ilikuwa mizizi, imechemshwa usiku kucha, nyeusi, ileile aliyokuwa akinywa baba akijisikia hana nguvu. Inarudisha damu na kusafisha maini, alisema, na alikuwa ameifuata mbali, hadi milimani, kwa mguu. Aliimimina kwenye kifuniko cha chupa ya chai na kuniletea mdomoni kwa mkono wake mwenyewe. Ukoo wote ukangoja nimeze.

Naomba msomaji asimame na mimi hapo. Mtu huyu alinizika nikiwa hai kwa miaka. Sasa amefukua kaburi kwa mikono yake, ametoa damu, amepanda mlima, amenipakia chokaa chumba. Nikimkatalia kikombe mbele ya watu hawa, atakuwa na haki ya kuniziba tena na udongo, na safari hii hakuna atakayemlaumu. Nikinywa, ini langu linalojifunza upya kupokea damu litapokea na mizizi. Nilitaka kaka. Nilitaka pia kuishi. Na nilikuwa na hasira, kwa sababu ni mimi peke yangu niliyetakiwa kuchagua.

Nikaushika mkono wake ulioshika kifuniko, nikauteremsha mpaka kitandani.

"Kaka, tazama ile chupa. Wangenimiminia yote kwa mara moja ningekufa, na ni damu. Wewe umeninyima miaka yote, leo unataka kurudi na vyote kwa siku moja, na marahaba, na chumba, na amri, na dumu. Sitaweza. Rudi tone kwa tone. Leo marahaba inanitosha. Kikombe sinywi, na genge sifungi."

Shangazi alinong'ona, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni, kwamba alishasema zamani maini yatamtia huyu kiburi. Kaka alirudisha dawa dumuni polepole asimwage, akafunga kifuniko, akavaa kofia. Walitoka kama walivyoingia, wote kwa pamoja. Wakaacha kuku.

Niliogopa, usiniulize kiasi gani. Nililala nikijiambia nimefanya sawa, na nikijiambia nimempoteza, na mshono ukinikumbusha kila nilipovuta kamasi. Sikujuta lakini. Nasema hivyo mpaka leo: hata kama asingerudi, nisingekunywa.

Ini likakubali. Daktari alikuja na majibu, akavuta kope zangu kwa mara ya mwisho, akasema limepokea vizuri, na kwamba sehemu iliyokatwa itajazwa, kwa kuwa ini ni kiungo kinachojua kukua tena. Nikamwambia nimeuza maini miaka yote hii na hakuna lililowahi kuniambia hilo. Akacheka, akaniaga, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Sikumwona tena.

Ihanja ilikuwa na habari yake tayari. Walisema maini yangu ndiyo yaliyoniambukiza, na kwamba anayekula kwangu anameza mfuko. Nilifungua genge nikiwa bado natembea nimeshika ubavu, na siku ya kwanza nilikaanga nikala na mjane mwenzangu. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu nikachukua ubao wa bei, nikafuta bei zote, nikaandika kwa chaki herufi kubwa: MAINI YAPO. LANGU PIA LIPO. Dereva wa kwanza kusimama alisimama ili acheke, na akiwa anacheka harufu ikamfikia.

Kaka alipita. Nilimwamkia kwa sauti ileile ya dalali, ingawa mshono ulilalamika.

"Marahaba," akasema, na pikipiki haikupunguza mwendo.

Nilikaa chini. Mjane mwenzangu alidhani nimeumia. Wiki hiyo aliitikia kila alipopita, neno moja, macho barabarani. Baadaye akaanza kupunguza mwendo. Baadaye akawa anasimama bila kuzima injini, anauliza mvua ya kwetu imenyesha kiasi gani, kana kwamba boma lake na genge langu viko chini ya mawingu tofauti, halafu anaondoka. Kuna siku alikasirika na kitu nisichokijua, akapita kimya siku kadhaa. Nikamwacha. Alikuwa anabana, ataachia. Habari ya mabati haikutajwa tena, ila mbuzi wake bado walikuwa wananyeshewa, na nilimtumia fundi wangu wa mabati bila maelezo.

Kisha ikaja Jumapili aliyochinja mbuzi kwa ajili ya wageni. Nilikuwa na wateja benchi zote mbili. Alikuja kwa miguu, na hilo peke yake lilinifanya niweke kisu chini. Mkononi alikuwa na bakuli la bati lililofunikwa kwa sahani. Nikamwamkia, akaitikia, akaliweka bakuli mbele yangu kwenye ubao wa kukatia.

"Nimekuletea ini," akasema.

Nikafunua. Lilikuwa zima, halijaguswa na kisu, jekundu lililokolea, linang'aa. Hakuna kifuko hata kimoja. Alisema amelikagua pande zote juani. Mbuzi wa wiki iliyopita alikuwa na vifuko, na ini lake amelifukia kwenye shimo refu kuliko kimo cha mbwa, na mbwa wa boma sasa hawataki hata kumtazama. Wanaume walikuwa wanangoja kule kwenye makaa, aliongeza, na wamebaki na midomo wazi.

Sikulikaanga. Nilitandaza makaa, nikalichoma kama walivyokuwa wakilichoma baba na wenzake, kwa chumvi tu, na kipande cha kwanza nikala mimi, nimesimama, mbele ya watu wote. Kipande cha pili nikampa yeye. Alikula akiwa ameketi kwenye benchi ya wateja, mahali ambapo hajawahi kuketi, kofia juu ya goti.

Dereva mmoja, kijana wa kutoka mbali, akavutwa na ile harufu. Akanyoosha sahani yake kuelekea makaani, akamwomba kaka kwa adabu ampunguzie na yeye hayo maini.

Kaka akaweka mkono mbele ya ile sahani.

"Haya si maini, mwanangu," akamwambia. "Hili ni ini. Ni la dada yangu, na analo moja tu."